Nyasi bandia mahali penye unyevu: kuzitengeneza na kuzitunza

Sifa kubwa inayouza nyasi bandia ni kwamba hazihitaji matunzo. Kwenye hali ya hewa kavu maneno hayo hayako mbali na ukweli. Lakini mahali ambapo nguo hushinda kambani mchana kutwa na jioni bado zina ubichi, zulia la nyasi linaishi maisha mengine kabisa. AstroTurf, zulia lililozifanya nyasi hizi zijulikane duniani, lilipata umaarufu baada ya kutandikwa mwaka 1966 ndani ya Astrodome, uwanja wa Houston uliofunikwa paa. Halikunyeshewa. La kwako linanyeshewa, linabaki limelowa kivulini, na kesho yake linanyeshewa tena.

Mvua yenyewe haina ubaya. Nyuzi za polithini hazinywi maji wala haziozi. Vinavyoharibika ni vile vinavyoandamana nazo: vumbi na majani makavu yaliyonasa katikati ya nyuzi, gundi ya mishono, misumari ya pembeni, na mgongo wa zulia, yaani upande wake wa chini, kama umepakwa lateksi, aina ya mpira unaozishika nyuzi. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa au gundi yoyote, jiulize maji yanayoingia hapa yanatokea wapi. Ukiosha juu bila kulijibu swali hilo, unatwanga maji kwenye kinu.

Pima kwanza, kisu baadaye

Subiri mvua kubwa ikatike, kisha toka nje baada ya nusu saa hivi. Palipotuama maji patakuwa panaonekana waziwazi. Weka alama kwa chaki au vijiti, maana jua likishawaka hutapatambua tena. Kama si msimu wa mvua, mwaga ndoo ya lita 10 polepole mahali pamoja. Maji yakizama papo hapo, hapo ni pazima. Yakitambaa juujuu kwanza ndipo yazame, kuna utando wa uchafu uliogandamana kwenye mchanga wa kujazia, ule unaomwagwa katikati ya nyuzi ili zisimame. Yakisimama kabisa, matundu ya mgongo wa zulia yameziba au msingi wenyewe, tabaka la kokoto lililo chini ya zulia, umejaa maji.

Kutofautisha hayo mawili ni rahisi. Tafuta tundu la kutolea maji katikati ya dimbwi, ulizibue kwa bisibisi nyembamba. Maji yakishuka, shida ni tundu. Yakibaki palepale au yakipanda kutoka chini, shida ni msingi, na hapo kuna kazi ya kufunua zulia.

Kipimo cha tatu watu wengi hukiruka, nacho ndicho kinachookoa fedha. Shika kishungi kimoja cha nyuzi kwa vidole viwili, ukivute kwa nguvu ya kawaida. Fanya hivyo sehemu nne au tano, hasa palipo na kivuli. Vishungi vikikatalia, zulia bado lina maisha. Vikichomoka kama manyoya ya kuku aliyechovywa kwenye maji ya moto, mgongo umekufa. Lateksi iliyokaa na maji muda mrefu hupoteza nguvu ya kushika. Ukifunua utaikuta inamomonyoka au inanata vidoleni. Kwenye zulia la namna hiyo hakuna kiraka kitakachodumu, kwa sababu utakuwa unagundisha kitu kizima kwenye kitu kilichooza. Bora uanze kuweka akiba ya zulia jipya, na ukienda kununua ulizia mgongo wa poliurethani, aina ya plastiki inayostahimili maji zaidi. Swali hilo liulize kabla ya kuuliza rangi na urefu wa nyuzi.

Toa uchafu ungali mkavu

Kosa linaloonekana kila mahali ni kukimbilia mpira wa maji. Vumbi kavu hutoka kwa ufagio. Likilowa linageuka tope linaloshuka kwenye mchanga na kuziba. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kufagia, kupuliza au kuokota majani, kupiga brashi, na maji mwisho kabisa. Chagua saa ambazo umande umeshakauka.

Brashi iwe ya nailoni ngumu. Ya waya inachana nyuzi na kuziacha na vinywele vinavyonasa uchafu zaidi. Piga kinyume na upande nyuzi zinakolalia ili zisimame, kwa mikono miepesi, mstari baada ya mstari. Nyuzi zilizosimama hupitisha hewa na hukauka upesi. Zilizolala zinatengeneza mkeka unaofunika unyevu, na chini ya mkeka huo ndiko ukoga unakoanzia.

Mashine ya kuoshea kwa presha inaruhusiwa, ila kwa adabu. Tumia kinywa kinachotawanya maji, kaa mbali angalau sentimita 30, elekeza maji kwa mshazari, na usielekeze kabisa kwenye mshono. Itatoa mchanga wa kujazia, kwa hiyo uwe na wa kurudishia.

Ukoga na ukungu

Ule utando wa kijani unaoteleza hauli plastiki. Unaishi kwa maji na mwanga, na unajishikiza kwenye vumbi. Ukungu mweusi na wa kijivu unakula majani yaliyooza, chavua, makombo ya chakula na mkojo wa wanyama. Ndiyo maana ukiua bila kufagia, unarudi baada ya wiki chache: umeua mlaji na kuacha chakula chake.

Baada ya kufagia na kupiga brashi, anza na siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Nyunyiza mpaka nyuzi zilowe hadi kwenye shina, acha nusu saa, sugua, suuza. Usiifanye iwe kinywaji cha kila wiki cha zulia lako: asidi hula zinki iliyopakwa kwenye misumari, na kama msingi wako ni wa kokoto za chokaa, nazo inazila kidogo kidogo.

Palipokataa, tumia dawa ya klorini ya nyumbani, sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, na soma masharti ya dhamana ya zulia lako, maana wapo watengenezaji wanaoikataza. Iache dakika 10, kisha suuza kwa maji mengi. Vaa glavu, na simama upande upepo unakotoka.

Hapa naomba usome taratibu. Klorini na siki zisikutane kabisa, si ndani ya ndoo wala juu ya zulia. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inayounguza macho na mapafu. Ukishatumia siki, suuza na acha siku kadhaa kabla ya klorini. Tena usimwage klorini mahali mbwa au paka amekojolea bila kusuuza kwanza, kwa sababu amonia ya mkojo ikichanganyika nayo inatoa gesi nyingine yenye sumu.

Kisha tafuta maji yanakotoka. Mara nyingi si mvua. Ni bomba la kiyoyozi linalodondosha tone baada ya tone mahali palepale, au vyungu vya maua vinavyomwagiliwa kila jioni, au mfereji wa paa uliotoboka. Ukuta unaozuia upepo na matawi yanayokataza jua la asubuhi navyo vina mchango wake. Kupunguza matawi mawili matatu kunaweza kufanya kazi ambayo chupa nzima ya dawa haikuifanya.

Harufu ya mkojo

Kwenye hewa kavu mkojo hukauka na harufu hupungua. Kwenye unyevu bakteria wanaendelea kuuvunja na kutoa amonia, kwa hiyo harufu inapanda hasa jua linapowaka baada ya mvua. Manukato ya kufunika harufu hayasaidii kitu. Suuza kwa maji mengi sehemu anayoipenda mnyama, kisha mwaga kisafishaji cha vimeng'enya na ukiache kilowe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Vimeng'enya hufanya kazi vikiwa majimaji, na hapo ndipo unyevu wa hewa unakuwa rafiki yako kwa mara moja. Usivifuatishie klorini, itaviharibu. Kama mnyama ni wa kudumu, ondoa mchanga wa sehemu ile na ujazie zeolaiti, madini yanayofyonza amonia.

Dimbwi lisilokauka

Shida ikiwa ni matundu, zibua yaliyopo kwa bisibisi. Yakiwa machache mno, ongeza mengine ya upana wa milimita 5 au 6, kwa umbali wa sentimita 10 hivi. Funua zulia na uyatoboe kutoka upande wa mgongo kwa chuma cha kulehemia cha mafundi redio. Tundu la moto linaziba kingo zake na halichanikichaniki kama la kisu. Fanya hivyo mahali pa wazi, moshi wake si wa kuvuta.

Msingi uliodidimia unahitaji subira zaidi. Kwanza punguza mchanga wa kujazia, kwa sababu zulia lenye mchanga ni zito na ukilikunja nalo linavunjika mgongo. Ng'oa misumari ya ukingo ulio karibu zaidi na dimbwi, kunja zulia nyuma taratibu, na uache msingi upigwe na jua. Usifukie papo hapo juu ya tope. Chota tope lote mpaka ufike kwenye kitu kigumu, kisha jaza kokoto zilizosagwa zenye chenga zake, kwa tabaka zisizozidi sentimita 5, ukishindilia kila tabaka kabla ya kuweka jingine. Watu hupenda kujaza mchanga mtupu kwa sababu unasawazika upesi. Mchanga unahamishwa na maji, na siafu na mchwa wanaupenda; baada ya masika mawili dimbwi litakuwa limerudi.

Pitisha ubao mnyoofu wa mita 2 au 3 juu ya kazi yako, uweke pimamaji juu yake. Unatafuta mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mahali maji yanapoweza kutokea. Hilo la mwisho si la kupuuza: mteremko unaoishia kwenye ukingo wa zege usio na tundu ni bwawa lililopangwa vizuri.

Ukikuta udongo wa mfinyanzi umepanda na kuchanganyika na kokoto, kitambaa cha kutenganisha udongo hakikuwekwa au kimechanika. Weka kipande kipya kinachopita sentimita 30 kila upande kabla ya kujaza.

Mshono ulioachia

Hii ndiyo kazi inayoshindikana zaidi kwenye unyevu, na chanzo mara nyingi ni aina ya gundi na saa iliyochaguliwa.

Gundi za maji hukauka kwa kuvukiza maji yake. Hewa ikiwa imeshajaa, hazina pa kuyapeleka; zinabaki laini siku nzima na mvua ya jioni inazikuta hivyo hivyo. Utepe wa kubandua karatasi na kubandika nao haupendi mgongo wenye ubichi. Inayofaa ni poliurethani. Ya kopo moja hukaza kwa kuvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hewa nzito inaiharakisha: inafunga ngozi juu kabla hujamaliza kupaka. Lakini ikikuta maji ya wazi, hata matone ya umande kwenye utepe, inatoa povu, na povu likikauka linakuwa na mapovu matupu ndani yasiyobeba mzigo. Kwa maneno mengine, hewa yenye unyevu haina neno, ila kila utakachokigusa kiwe kikavu. Ya makopo mawili hukaza kwa kuchanganywa na inahitaji mkono mwepesi, maana joto hupunguza muda wake wa kufanyia kazi.

Kuhusu saa: plastiki hutanuka kwenye joto na kunywea kwenye baridi. Mshono uliofungwa jua la utosi hufunguka usiku. Uliofungwa alfajiri huvimba mchana. Anza katikati ya asubuhi, umande ukishakauka, baada ya siku mbili tatu bila mvua, na uwe umemaliza kabla ya mawingu ya alasiri.

1. Kunja kingo zote mbili nyuma kiasi cha sentimita 30. Zizuie kwa matofali zisirudi.

2. Kwangua gundi ya zamani kwenye mgongo na kwenye msingi. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha weka kiganja chako kwenye mgongo. Ukihisi ubaridi wa maji, ngoja.

3. Tandika utepe wa kuungia wenye upana wa sentimita 30 hivi, katikati ya mstari wa mshono, upande wa kupakwa gundi ukiwa juu. Ushikize kwa misumari miwili mwishoni usiteleze.

4. Rudisha kingo bila gundi kwanza uone zinavyokutana. Pengo lililobaki lilingane na nafasi iliyopo kati ya mistari ya ushonaji ya zulia lenyewe, milimita chache tu. Likiwa kubwa mshono utaonekana kama njia. Likiwa dogo kingo zitapandiana na kuinuka.

5. Kunja tena na upake gundi kwa mwiko wenye meno, kipande cha mita 1 au 2 kwa wakati mmoja. Ukipaka mshono mzima mara moja, mwisho wake utakuwa umeshafunga ngozi unapofika.

6. Shusha ukingo mmoja kisha mwingine, ukitangulia kwa vidole kuzitoa nyuzi zilizoangukia katikati. Uzi mmoja ulionaswa kwenye gundi unavuta wenzake wawili, na hapo patabaki na kovu. Chanuo kuukuu linafaa sana kazi hii.

7. Kanyaga mshono wote hatua kwa hatua, kisha weka mifuko ya mchanga juu yake. Iache mpaka gundi ishike, na usiruhusu mtu kutembea hapo kwa saa 24. Mvua ikitishia, funika kwa turubai lililoinuliwa kidogo juu ya vijiti ili hewa ipite. Turubai lililolala juu ya zulia linafungia jasho.

Kiraka

Palipoungua au kuchanika, kata mraba unaozunguka uharibifu wote. Kata kutoka upande wa mgongo, ukifuata nafasi kati ya mistari ya ushonaji, wembe ukiwa mpya. Kabla ya kukitoa kile kipande kibovu, chora mshale nyuma yake kuonyesha nyuzi zinakolalia, ukitumie kama kipimo cha kukatia kipya. Kiraka chenye rangi sahihi kilichogeuzwa upande kitaonekana kutoka mbali kuliko doa lenyewe.

Kama huna mabaki ya zulia lile lile, usinunue kipande kipya na kukiweka katikati ya ua. Kitang'aa kuliko vilivyokizunguka. Kata kiraka kutoka mahali pasipoonekana, nyuma ya tangi au chini ya benchi, na kipande kipya kiende huko. Kugundisha ni kama mshono, isipokuwa utepe uwe mpana kiasi cha kupita kingo zote nne.

Doa lililoyeyuka lisilo na chanzo kinachoeleweka mara nyingi ni kazi ya kioo. Madirisha ya kisasa yenye utando wa kurudisha joto hukusanya mwanga wa jua na kuutupa mahali pamoja kwa nguvu ya kuyeyusha nyuzi. Weka kizuizi cha jua kwenye dirisha kwanza, la sivyo kiraka nacho kitafuata.

Mchanga wa kujazia

Zulia lisilo na mchanga wa kutosha nyuzi zake hulala, na tumeshaona hilo linapeleka wapi. Unaofaa ni mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa, wenye chembe za mviringo. Kiasi cha kawaida kwa ua ni kilo 5 hadi 10 kwa mita ya mraba, kutegemea urefu wa nyuzi. Mchanga wa ujenzi una vumbi la udongo linaloganda na kuotesha magugu, na wa baharini una chumvi inayovuta unyevu. Chembe nyeusi za matairi mimi sizipendekezi kwa ua wa nyumbani: zinachemka juani, mvua kubwa inazisomba hadi mitaroni, na Umoja wa Ulaya umeshapitisha kanuni itakayopiga marufuku kuuzwa kwa chembe za aina hiyo kuanzia mwaka 2031.

Mwaga nyuzi zikiwa kavu kabisa, adhuhuri ya siku ya jua. Mchanga ukigusa nyuzi zenye ubichi unang'ang'ania juu na hauteremki hata ukipiga brashi mpaka jioni. Mwaga kidogo, piga brashi pande zote mbili, mwaga tena.

Mara ngapi?

Majani yatolewe kila wiki wakati wa mvua, hata kama ni machache. Brashi mara moja kwa mwezi, na mara mbili palipo na kivuli. Kila mwisho wa masika rudia vipimo vya mwanzo, kisha zunguka kingo ukikagua misumari: yenye kutu itolewe kabla haijakatika kichwa, na badala yake ipigwe ya zinki au chuma cha pua, sentimita 15 hadi 20 kati ya mmoja na mwingine. Mbao za ukingo zilizolainika zibadilishwe kwa zege au plastiki. Magugu yang'olewe siku ambayo zulia limelowa, kwa kushika shina karibu kabisa na mgongo, kwa sababu mizizi inayopita kwenye matundu ya maji inatoka yote ikiwa na ubichi na inakatikia ndani ikiwa kavu.